Tulimchapa miezi mitano, kumbe ni uvimbe kichwani

Hii nimeianza mara nyingi nikaiacha, kwa vile kila nikianza naishia pale pale kwenye bakora. Basi wacha nianze na hilo hilo liishe. Mwanangu alikuwa na miaka 8 na kwa muda wa miezi mitano tulimchapa. Mie nilimchapa, chuoni anakosoma Kurani alichapwa, skuli alichapwa, na bibi yake mzaa baba, ambaye mjukuu kwake ni mboni ya jicho, siku moja alimfinya mpaka mkono ukabaki na alama. Na muda wote huo mtoto ana uvimbe kwenye ubongo.

Sisi watu wa Wete, Pemba. Huyu ni wa tatu katika watano na tangu mdogo alikuwa ndo mtoto wa kutumwa, unamwambia kalete chumvi dukani hujamaliza sentensi keshatoka mbio. Mpole, anapenda kukaa jikoni nikikuna nazi. Nataka mlielewe hili kwa sababu angekuwa mkorofi tangu kuzaliwa labda nisingejilaumu namna hii. Alibadilika mbele ya macho yangu na mie nikayaita mabadiliko yale utundu.

Ilianza 2021 baada ya Idi kubwa. Saa 12 asubuhi nikimwamsha kwenda skuli analia, mara kichwa, mara tumbo, mara sitaki tu. Anatapika kidogo, siku nyengine mate matupu, anarudi kulala, na ikifika saa 4 unamkuta uwanjani na wenzake wanapiga mpira. Sasa wewe mama utasema nini? Nikasema huyu kajifunza kukwepa skuli. Nikaanza kumwamsha kwa ukali, siku nyengine namvuta miguu kitandani. Ilinichukua miezi kuja kufahamishwa na daktari kwamba ukilala presha ya kichwani inapanda, kwa hiyo mwenye uvimbe anaamka asubuhi ndo kichwa kinapasuka, akishatapika na kukaa wima kidogo anapata nafuu. Yaani ile nafuu ya saa 4 niliyoichukulia kuwa ushahidi wa uongo wake, kumbe ndo dalili yenyewe!

Kisha ikaja hasira. Alimpiga mdogo wake na kifuu, akamwambia bibi yake "nyamaza wewe", mtoto wa Kipemba amwambie bibi yake nyamaza wewe, nyumba nzima ilisimama. Akawa analia bila sababu, analala mchana, ukimgusa anaruka. Chuoni ndo palikuwa pabaya zaidi. Maalim wake aliniita akaniambia mtoto wako ana dharau, nikimsomesha ananikonyeza. Nikamwambia Maalim mpe adabu, mtoto ni wako. Hilo neno nimelitoa mie kwa mdomo wangu. Na kweli alikuwa anafumba jicho moja akitazama juzuu, hata nyumbani nilimuona akitazama katuni vile vile. Alikuwa anaona herufi mbili mbili, anafumba jicho moja ili abaki na moja. Hakutwambia. Nilipomuuliza baadaye, baba kwa nini hukusema, akanambia "nilidhani na nyie mnaona hivo hivo".

Msimu wa karafuu ukaingia, barazani kwa bibi yake kumetandikwa majamvi, watoto wote wanajua hukanyagi karafuu zilizoanikwa. Yeye akapita katikati, akaanguka, akazimwaga hadi mchangani. Siku ya pili tena. Ndo siku ile aliyofinywa. Ukimuuliza anasema "sikutaka", na sisi tunasikia jeuri.

Watu wakaanza kusema kachezewa. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa uganga shamba, kuku wawili na laki na nusu, akasema kuna jini wa baharini kamkalia. Tukamsomea zinguo la kumtoa jini, akanywa kombe, yale maji yaliyooshea aya. Nisifahamike vibaya, kisomo nakiamini na nakisoma mpaka leo, hata wodini nilikuwa namsomea. Kosa langu lilikuwa kungoja. Kila nilipoambiwa mpe siku saba nilimpa siku saba, na uvimbe nao unakua, haujui kama mie nangoja. Ningekwenda kote kuwili kwa siku moja hakuna ambaye angenikatalia.

Na hospitali nilikwenda pia, msije mkadhani sikwenda. Mara tatu kwenye kituo kimoja. Mara ya kwanza dawa za minyoo. Mara ya pili wakampima malaria hakuna, wakasema labda amiba. Mara ya tatu yule aliyekuwepo zamu hakumtazama hata usoni, kaandika dawa za vidonda vya tumbo akanambia mtoto ana deko. Nilimkasirikia mno baadaye, lakini nikiwa mkweli na mie nilikuwa naeleza vibaya. Kila nikifika nasema "anatapika" basi. Ile hasira, kuanguka, jicho, sikuvitaja kabisa, kwa sababu kichwani mwangu tumbo ni la daktari na tabia ni ya Maalim. Nilizigawa dalili za mtoto mmoja kwa watu tofauti na hakuna hata mmoja aliyepata habari kamili.

Aliyetuokoa baada ya Mungu ni wifi yangu, anasomesha skuli ya msingi Chake Chake. Alikuja mwezi wa 12 mwishoni, kakaa barazani anamtazama mtoto anakwenda kuchota maji, akanambia "Wifi, huyu mbona anatembea kama kashuka mashuani sasa hivi?" Nikatazama. Wallahi nilikuwa namuona kila siku na sikuwahi kutazama. Miguu kaitanua, anakwenda kama ardhi inacheza, na shingo kaipinda upande mmoja.

Nikaanza kumhadithia tabia zake, akanikata. "Usinambie anafanya nini. Nambie tangu lini." Akaomba daftari la skuli. Tukakaa sote wawili tunafungua kurasa. Mwezi wa 5 herufi zimekaa juu ya mstari moja moja, nzuri kuliko zangu. Mwezi wa 9 zinapanda na kushuka. Mwezi wa 11 ukurasa mzima unaweza kudhani kaandika mtoto wa nasari, herufi kubwa kubwa zimelaliana, na chini yake mwalimu kaandika kwa wino mwekundu "MVIVU". Wifi alifunga daftari akasema huyu mtoto si mvivu huyu mtoto anaumwa. Ile daftari ninayo bado.

Akachukua karatasi tukaandika tarehe, kwa kukisia, baada ya Idi kutapika, wiki ya kufungua skuli jicho, mwanzo wa karafuu kuanguka, na kadhalika. Ukurasa mmoja tu. Akasema tusianzie tena pale kituoni, tuanze na macho kwa vile jicho ndo kitu ambacho mtu hawezi kukuambia ni deko.

Yule mtaalamu wa macho alizima taa ya chumba akamsogelea mtoto na kitochi chake kile cha kutazamia ndani, pua kwa pua. Katazama jicho la kulia muda mrefu. Kahamia la kushoto. Karudi la kulia. Mie nimekaa kwenye kiti nasikia feni tu. Akawasha taa, hakunambia kitu, akavuta karatasi akaanza kuandika, akauliza bila kuinua kichwa "mama, anatapika asubuhi?" Nikampa ule ukurasa wetu. Akausoma wote. Akanambia mshipa wa jicho kwa nyuma umevimba, maana yake presha ndani ya kichwa iko juu, na hii si ya miwani, mwende Unguja na msingoje hata wiki. Kitochi kile ni kidogo na kazi ile haikufika dakika kumi. Kwa hiyo mtoto akiwa na kichwa cha asubuhi na kutapika, au jicho limeanza kwenda upande, ombeni atazamwe nyuma ya jicho, semeni hivo hivo, "nataka atazamwe nyuma ya jicho". Ingawa na hapo kuna jambo, jicho likiwa safi nalo halimaanishi hakuna kitu, kuna wenye uvimbe na nyuma ya jicho pakawa salama.

Tulipanda meli bandari ya Mkoani. Bahari ya Nungwi mnaijua, alitapika njia nzima na hakuna aliyeshughulika kwa sababu nusu ya meli walikuwa wanatapika, mama mmoja akanipa ndimu. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, akapigwa siti skani. Daktari alituonesha picha, kule nyuma ya kichwa chini, kwenye ubongo mdogo, kuna kitu cha duara kama ndimu kubwa, kimeziba njia ya maji ya ubongo, na maji yamejaa juu yake yanausukuma ubongo mzima pembeni.

Nikauliza sasa hiyo sehemu ndo ya tabia? Akanifahamisha vizuri na nampenda mpaka leo kwa subira yake. Kasema ubongo mdogo kazi yake inayojulikana zaidi ni kusawazisha mwili, ndo kuanguka na mwandiko, lakini siku hizi inajulikana una mkono wake pia kwenye hisia na fikra. Pili yale maji yakibana yanabana kila mahala, pamoja na mbele kwenye kujizuia na subira. Na tatu, akasema, mama, wewe ukiumwa kichwa hivo miezi mitano, watu wanakupigia kelele na kukuchapa, utakuwa mpole? Hapo nililia.

Alisema jengine ambalo nalileta kama alivyolisema, kwa sababu nikihadithia habari hii kila mama ananiletea mtoto wake nimtazame kama mie daktari. Uvimbe wa ubongo kwa watoto ni nadra. Watoto wengi sana wenye ukorofi wana mambo mengine, kuna anayeonewa skuli, kuna asiyesikia vizuri, kuna asiyelala, kuna ambaye baba na mama wanagombana usiku, kuna na wakorofi tu. Kinachotakiwa kukushtua ni mtoto aliyebadilika na mabadiliko yamekuja na kitu cha mwili: kichwa au kutapika hasa asubuhi, kuanguka anguka, jicho, shingo kupinda, mwandiko kuharibika, degedege, kunywa maji kupita kiasi na kuanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha, au skuli kushuka ghafla. Na uvimbe ukiwa sehemu nyengine, mbele au ubavuni mwa ubongo, tabia inaweza kutangulia peke yake na mwili ukaja baadaye, kwa hiyo andika tarehe hata kama huna hakika unaandikia nini.

Tukapewa rufaa Dar, MOI. Mie nikadhani wamekosea, hiyo si ya mifupa? Mtoto kaumwa kichwa. Kumbe pale Muhimbili taasisi ya mifupa ndo hiyo hiyo ya mishipa ya fahamu, ubongo na uti wa mgongo wanapasua wao. Baba yake alikuwa dago, kambi ya wavuvi, upande wa Tanga, akaja Dar moja kwa moja na nguo zinanuka samaki, hakuuliza hata nani kafanya kosa gani. Nilimsubiri aulize. Hakuuliza mpaka leo.

Kwanza wakampa dawa ya kupunguza kule kufura kwa ubongo kando ya uvimbe, deksa wanaiita. Siku mbili tu kichwa kikatulia akacheka, mie nikataka turudi nyumbani nikidhani kapona! Manesi wakanicheka kwa upole. Deksa inamfanya mtoto ale kama kafunguliwa minyororo, saa 8 usiku ananiamsha anataka chipsi, uso ukamjaa, na hasira ikarudi ya aina nyengine. Mkipewa hiyo msije mkaiacha ghafla hata kama mnaona inamharibu, inashushwa pole pole na daktari. Kisha wakamwekea shanti, ule mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni kutoa maji. Siku chache baadaye operesheni yenyewe, ilichukua masaa sita na ushei. Nilikaa kwenye benchi na kanga yangu nikaifunga na kuifungua mafundo mpaka ncha zikachanika.

Kuna kitu hawakunitayarishia vizuri, au walisema mie sikusikia. Baada ya operesheni mwanangu alinyamaza. Si kulala, yuko macho, anatazama, analia kile kilio cha kitoto kichanga, lakini neno hasemi. Siku ya kwanza, ya pili, nikajua wamemkata ulimi wa ubongo. Daktari akasema inatokea kwa baadhi ya watoto waliopasuliwa sehemu ile, na wengi husema tena ingawa inaweza kuchukua siku au wiki na wengine miezi. Siku ya tisa nesi alikuwa anambadilisha plasta akamvuta nywele kidogo, akasema kwa sauti ndogo ya mkwaruzo, "Niache". Nesi akapiga vigelegele. Mie niliyekuwa nachapa kwa neno kama lile nilitoka nje ya wodi nikakaa chini.

Majibu ya kile kinyama cha uvimbe kilichopelekwa kupimwa yalichukua kama wiki tatu, na kungoja majibu ni kubaya kuliko kungoja operesheni. Yakaja na jina refu, pailositiki astrositoma, daraja la kwanza, aina inayokua taratibu, na wamekitoa chote. Aina hiyo ikitolewa yote watoto wengi sana wanaishi na hakuhitaji mionzi wala dawa za saratani. Kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto mwenye dalili zile zile kabisa, kutapika asubuhi na kuyumba, yake ikaja meduloblastoma, saratani inayokua haraka, ikabidi aende mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road na dawa juu. Mama yake na mie tulikuwa tunakula sahani moja. Siku ya majibu sikujua niweke wapi macho yangu.

Pesa. Watu wanauliza kwa aibu kwa hiyo naisema. Tangu Wete mpaka kurudi tulitumia zaidi ya milioni 3, na kilichotumaliza si kisu, ni nauli, kula, kulala mtu wa pili, vocha, na vitu vidogo vidogo vya kununua nje. Karafuu zote za msimu zilikwenda, na ng'ombe mmoja wa bibi yake, aliyemtoa mwenyewe bila kuombwa. Nilikosea kutokwenda ustawi wa jamii mapema, nilingoja bili ije kwanza, kumbe ukienda mwanzo na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, wanakusikiliza vizuri zaidi. Barua yangu niliisahau mezani nyumbani, ikabidi ipandishwe meli na mtu. Na zile picha za skani pamoja na sidii yake usimwachie mtu, fanya ni kama pasipoti, bila hizo mnaanza upya.

Sasa lile ambalo watu hawapendi kulisikia. Nilitegemea uvimbe ukitoka tabia inatoka nao. Haikuwa hivo. Kichwa kiliisha, kutapika kuliisha, lakini alirudi nyumbani mzito, anachoka, anakasirika haraka, akiambiwa mambo mawili anashika moja. Majirani wanasema "si kapona huyu, mbona vile vile?" Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko miezi ile ya ugonjwa kwa sababu huna tena cha kusingizia. Kilichosaidia ni mambo madogo, namwambia jambo moja kwa wakati mmoja, analala mchana bila kuulizwa, skuli wifi alikwenda kuzungumza nao akakalishwa mbele na anapewa muda zaidi wa kuandika. Bakora nyumbani kwangu iliondoka. Siku nyengine mkono unaniwasha, sitaki kusema uongo, lakini sinayo tena ya kuichukua.

Shanti nayo si ya kusahau. Tuliambiwa akianza tena kichwa na kutapika, au usingizi usio wa kawaida, au homa, au wekundu kwenye njia ya mpira, usingoje asubuhi. Mara moja usiku alitapika, tukakodi gari, kufika kumbe alikula maembe mabichi kilo nzima na chumvi. Daktari wa zamu hakunigombeza. Akasema bora uje mara kumi za maembe.

Maalim alikuja nyumbani tuliporudi, kakaa barazani, kahawa haikunywewa. Akamwita mtoto, akamwambia "Nisamehe mwanangu, nilidhani unanikonyeza." Mtoto akatutazama sote, hakufahamu anaombwa nini, akauliza kama anaweza kwenda kucheza.

Sasa ana miaka 12. Mwandiko wake bado mbaya, herufi kubwa kubwa, ila ziko juu ya mstari. Mpira anadaka goli kwa sababu kukimbia bado anayumba kidogo akigeuka ghafla. Picha za kichwa zilikuwa kila baada ya miezi, sasa ni mara moja kwa mwaka, na mpaka ya mwisho ni safi alhamdulillah. Makaratasi yote nimeyatia kwenye mfuko wa plastiki nikautundika msumarini nyuma ya mlango, na ukurasa wa wifi uko juu yake. Picha nyengine ni baada ya Ramadhani, nauli ya watu wawili nimeshaanza kuiweka kwenye kopo la maziwa.